Mlango Uliofungwa Mchana

Tulipomaliza kumzika Mama Shiro kule Ngoliba, tuliketi chini ya hema kula wali na mchuzi wa nyama, na hapo ndipo niliposikia maisha yangu yakisimuliwa na mtu mwingine. Msimulizi alikuwa Mama Brayo, jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Landless kule Thika, ambaye nywele zimekuwa nyeupe lakini sauti haijapungua hata kidogo. Aliwaambia wasichana waliokuwa wakigawa soda, "Mnaona huyu? Huyu tulimtoa kwa nyumba tukivunja mlango. Alikuwa amekwisha. Tukamwombea, tukakaa na yeye mchana na usiku, na ndio huyu sasa, amepona, amenona." Wasichana wakanitazama kwa huruma. Nikainamia sahani yangu. Nilikasirika, nitasema wazi, nilikasirika mpaka nyama ikakataa kushuka, na bado sikufungua mdomo, kwa kuwa mimi ni mtu ambaye jibu zuri humjia siku kadhaa baadaye akiwa anaosha vyombo. Shiro, binti wa marehemu, ambaye mwaka mlango ulipovunjwa alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na sasa ni mwalimu mwenye watoto wake, alikuja akaketi kando yangu. "Auntie Nekesa," akasema, "Mum alikuwa anasema wewe ndio ulimfunza kuacha mtu akae vile ako. Nikimuuliza ni nini ilitokea, ananyamaza. Ilikuwa aje?" Nikatazama watu wale wote, kipaza sauti kikikoroma pale mbele, nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu, Ruiru, na simu nimeiacha chumba kingine.

Siku hizi hali yangu ina jina. Mwanangu alinionyesha kwenye simu yake: introvert, tena ile aina ya mtu anayehisi kila kitu kupita kiasi. "Mum, hiyo si ugonjwa, ni vile tu umeumbwa," akaniambia, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mazuri. Nilifurahi, ijapokuwa nilicheka pia, maana nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila jina lenyewe. Mwaka ninaousimulia kulikuwa na majina mengine: kiburi, siri, roho ya upweke. Nilipewa yote, mengine mbele yangu na mengine yakipita juu ya ukuta wa chumba changu.

Nilikuwa nashona katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo pale Ruiru. Kazi yenyewe niliipenda, kitambaa kikipita chini ya vidole na mshono ukinyooka. Ukumbi ndio uliokuwa ukinimaliza. Cherehani zilipangwa laini baada ya laini chini ya taa nyeupe, vumbi la pamba likielea, na supavaiza alitembea nyuma ya migongo yetu akipiga kelele kwamba kazi haisongi. Wenzangu walimcheka akishapita. Mimi sikuweza. Akimfokea msichana wa laini nyingine, mimi ndiye niliyekosea mshono. Nilitoka pale kila alasiri nimebeba watu wote: aliyefokewa, aliyelia chooni, aliyemwangalia mwenzake vibaya wakati wa chai. Mwanzoni nilikaa karibu na kiwanda, chumba kimoja, wasichana wanne na redio mbili, na nilifikia mahali ambapo kijiko kikianguka nashtuka kama nimepigwa. Ndipo mtu akaniambia kwamba Thika, mtaa wa Landless, kuna chumba cha mtu mmoja, na basi la wafanyakazi linafika huko. Nilihama wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyenieleza kwa nini chumba kile kilikuwa kimekaa bila mpangaji wakati vyumba vinagombaniwa.

Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye ploti. Safu mbili za vyumba zilitazamana, uwanja wa saruji katikati, mfereji mmoja wa maji, kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Kuta za kutenganisha vyumba hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo nilijua Mama Brayo anapokaanga vitunguu, anapomkaripia mumewe, na anapomwombea huyo huyo mumewe. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa wa mawe na wenye ubaridi, na hapo ndipo nilipopata dawa yangu. Nikitoka kazini nilifunga mlango, nikateremsha pazia la dirisha, nikaketi sakafuni nimeegemeza mgongo. Sikuwa nalala, wala sikuwa nalia. Nilikuwa nikitua mambo ya siku, moja baada ya jingine, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Supavaiza amefoka, ndiyo, amefoka, lakini si mimi niliyemkosea. Msichana yule amelia. Kesho nitamuuliza hali, leo siwezi kumsaidia. Nilijiuliza kila wazo ni la nani, na mengi niligundua si yangu, nimeyaokota tu njiani. Nikimaliza, mwili ulinirudia. Nikawasha stovu, nikasonga ugali, nikachemsha mrenda, nikaweza hata kutoka nje na sahani na kucheka na majirani. Nikikosa muda ule, sikuwa mtu wa kuishi na watu.

Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba pale ploti mlango haufungwi mchana. Hakuna aliyeniambia, kwa kuwa wao wenyewe hawakujua kwamba ni sheria. Ukiwa nyumbani, mlango uko wazi, pazia limening'inia, na jirani anasema hodi akiwa tayari ameingia, anaonja mboga yako, anaondoka na chumvi. Mlango unafungwa ukienda kazini au ukienda kulala. Ukiufunga jua likiwaka na wewe uko ndani, basi una mwanamume humo au una shida. Nikiwa nimeketi sakafuni niliwasikia wakinijadili. "Huyo wa western," yaani mimi, kwetu ni magharibi mwa Kenya, "amejifungia tena." "Pengine ako na mtu." "Mtu gani? Si ningesikia viatu." "Basi ni maringo. Anatuona sisi ni washamba." Kisha sauti nzito ya Mama Shiro, ikitoka upande wa mfereji: "Hebu nyamazeni. Mmesahau Rebeka?" Hapo nikasikia hata maji yakidondoka kwenye ndoo.

Mama Shiro ndiye aliyekuwa keateka, mwangalizi wa ploti kwa niaba ya mwenye nyumba, mama mpana, mwepesi wa miguu, Shiro akiwa mgongoni kila wakati kama sehemu ya nguo zake. Siku niliyohamia aliniletea githeri ya moto, mahindi na maharagwe, kabla sijafungua mizigo. Alinipenda, na alinibishia mlango karibu kila siku. "Kairitu," yaani msichana kwa Kikuyu chake, "fungua. Si uwache wazi, hata kama ni kidogo tu?" Namjibu, "Nimechoka tu, Mama Shiro." Naye: "Sasa si uchoke ukiwa wazi!" Tulicheka, nikafungua, na muda wangu ukaenda. Habari za Rebeka nilizipata kwa vipande, nikifua. Alikuwa mpangaji kabla yangu, msichana mpole, hakuwa na maneno mengi. Alasiri moja alifunga mlango. Jioni ilipofika alikuwa amejiua humo ndani, na aliyemkuta ni Mama Shiro. Niliposikia hivyo nilielewa kwa nini mama yule alipozungumza nami macho yake yalikuwa kwenye kitasa. Niliogopa, lakini si mizimu. Niliogopa kwamba huzuni ya Rebeka, na ya Mama Shiro juu yake, sasa zimeongezwa kwenye vitu ninavyopaswa kutua kila siku. Na mahali pa kuvitua ni pale pale, nyuma ya mlango ule ule.

Siku mlango ulipovunjwa, supavaiza alikuwa amemfokea mama mjamzito mbele ya ukumbi mzima mpaka mama wa watu akaketi chini kwenye sakafu. Nilifika Landless bila kumsalimia mtu. Nikafunga mlango, na safari hii nikasokota pamba niliyokuwa nayo mfukoni, nikaziba masikio. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale nilipata kimya kamili, kitamu, nikafumba macho. Ndiyo maana sikusikia Mama Shiro akibisha. Sikumsikia akiita, wala Mama Brayo akigonga dirisha, wala mtoto akilia. Nilichohisi kwanza ni ukuta ukitikisika mgongoni. Kisha mwanga ukanivamia, mlango ukaangukia kitanda changu, na mbele yangu amesimama fundi wa viatu wa pale nje, nondo mkononi, ploti nzima nyuma yake. Mama Shiro alipanda juu ya ule mlango akanishika uso kwa mikono yenye povu la sabuni. Niliona midomo ikienda. Nikatoa pamba.

"Umekunywa nini? Mami, niambie, umekunywa nini?"

"Sijakunywa kitu. Ni pamba tu."

"Pamba ya nini?"

"Nisisikie."

"Usisikie nani?"

Sikujibu, maana jibu la kweli lilikuwa: nyinyi. Naye alichukua kimya changu, akakiweka pamoja na kile cha Rebeka, na sikuweza kumlaumu.

Kuanzia jioni ile sikuachwa peke yangu. Walipanga zamu bila kuniuliza, kama tulivyopangiana kuosha choo. Mama Brayo leo, mama fulani wa ushirika wa kanisa kesho, na usiku mtu wa kulala nami kwenye kitanda kile chembamba. Ulikuwa upendo mtupu, ndiyo sababu nilishindwa kuukataa. Waliniletea chapati, avokado, uji wa wimbi. Waliketi kitandani mwangu wakiongea juu ya waume na wagonjwa na mabinti wasiosikia, na katikati ya maongezi mmoja angegeuka ghafla: "Na wewe, unawaza nini?" Nikisema siwazi kitu, waliangaliana. Nikisema nawaza kazi, walinishika mikono wakaanza kuomba kwa sauti, na kila sauti iliingia ndani yangu ikakaa. Vitu vya kiwandani havikuwa tena na mahali pa kutuliwa. Vilirundikana, na juu yake yakarundikana ya waume na wagonjwa. Nikaanza kusahau maneno ya kawaida. Nilisimama kwenye mfereji machozi yakinitoka huku ndoo ikifurika, nao wakaambiana, "Si tulijua?" Kazini sindano ilinipita kwenye kucha, na nilitazama damu kwenye kitambaa kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Hapa naandika polepole, maana bado panatisha. Walivunja mlango wakiwa wamekosea. Lakini kadiri siku zilivyokwenda, kosa lao lilikuwa likigeuka kuwa kweli. Siku moja, katikati ya maombi, nikiwa nimeshikwa mikono kila upande, nilijikuta nikiwaza jinsi ingekuwa raha nisiwepo mahali popote. Wazo lilikuja taratibu, likaketi. Nililikagua kama nilivyozoea kukagua mengine, nikitumaini ni la mtu fulani nimeliokota, na nikaona kwamba hili ni langu. Nimeogopa vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyojiogopa siku ile.

Ndipo nikazungumza. Kesho yake alasiri zamu ilikuwa ya Mama Shiro. Aliketi kwenye stuli pale kizingitini, akichagua maharagwe kwenye sinia, Shiro amelala mgongoni. Mlango wenyewe ulikuwa bado umeegemezwa nje ukutani. Nikamwambia, "Mama Shiro, nataka kukuambia kitu, na tafadhali usiite wengine."

Vidole vyake vikasimama.

"Siku mlivunja mlango nilikuwa mzima. Nakuapia kwa Mungu. Saa hii ndio siko sawa. Nimeanza kuwaza mambo mabaya, na ni juu sipati kuwa peke yangu."

"Ngai!" akasema kwa kunong'ona. "Hiyo ndio shetani anataka, akupate peke yako."

"Ni mimi nataka. Kichwa yangu inajaa. Yenu inamwagika mkiongea, si ndio? Yangu inamwagika nikinyamaza. Sasa imejaa na hakuna mahali ya kumwaga. Nikiendelea hivi wiki ingine, Mama Shiro, sijui."

Alisukuma jiwe dogo kwenye sinia kwa kidole. Alipozungumza, sauti yake nzito ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia hivyo. "Hata Rebeka aliniambia amechoka tu. Nilipita hapo na ndoo. Nikapita tena nikianika nguo. Mama Brayo akaniuliza, huyu mbona amefunga? Nikamwambia, wacha msichana apumzike. Ni mimi nilisema hivyo. Na hii mdomo yangu."

Nilijua ninachomwomba ni kwamba arudie kitu kile kile ambacho hakuwahi kujisamehe, tena safari hii macho yakiwa wazi. Mtu mwenye roho nzuri kuliko yangu pengine angenyamaza. Mimi niliomba, kwa sababu nilitaka kuishi.

"Kaa hapo nje basi," nikamwambia. "Niite. Nitaitika. Na ile wazo mbaya ikirudi, nitafungua mwenyewe nikuambie."

"Nikikuita na hujaitika mara moja, nabomoa hii nyumba yote."

"Bomoa."

Fundi wa viatu alirudisha mlango siku iliyofuata, akisema hajawahi kulipwa sahani ya chakula kuvunja kitu na sahani nyingine kukitengeneza. Nikafunga. Sijafika hata sakafuni, nikasikia, "Uko?" Nikajibu, "Niko." Nikaketi. "Uko?" "Niko, Mama Shiro." Maharagwe yakagonga sinia, moja, jingine. "Uko?" Muda ule wote sikupumzika hata kidogo. Yeye nje alikuwa akihema kama aliyepanda mlima, na mimi ndani nilisikia hofu yake kupitia mbao. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Nilikaribia kumwambia tuache. Kisha alasiri moja akauliza, "Unawaza nini huko?" nikamjibu kwa hasira, "Nawaza vile unaniita!" Nikasikia kicheko chake kikipasuka, kicheko cha tumbo, mpaka Shiro akaamka akalia. Baada ya hapo aliniacha nikapata pumzi kadhaa kabla ya kuita tena.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda msimu mzima wa mvua. Alihamisha jiko lake karibu na mlango wangu, akapika hapo hapo, na nafasi kati ya wito na wito ikawa ndefu kadiri mboga ilivyotaka kukorogwa. Majirani walimcheka. "Keateka amekuwa watchman wa mtu mmoja." "Wacha nikuwe," akawajibu. "Na nyinyi muingie kwenu." Aliwafukuza wa zamu, mmoja mmoja, kwa maneno laini na mengine yasiyo laini sana. Nami polepole nikajifunza tena kutua vitu. Wazo lile baya halikuondoka kwa kishindo. Liliondoka kama mgeni asiyejua kuaga, likirudi kuchukua kofia. Liliporudi nilifungua mlango kama nilivyoahidi, nikaketi naye kwenye saruji, tukakata sukuma bila kuzungumza, na niligundua, kwa mshangao, kwamba kuwa na mtu mmoja anayenyamaza nawe kunatosha. Kanisani walisema maombi yamejibiwa. Sikubisha wakati ule, na pengine sipaswi kubisha hata leo, ila ningependa Mama Brayo ajue ni maombi ya aina gani.

Siku ninayotaka Shiro aijue ilikuwa Jumamosi. Nilirudi mapema, nikafunga, nikaketi mahali pangu. Nilisikia Mama Shiro akivuta stuli, akiosha sufuria, akimfunga mtoto vizuri mgongoni. Nikangoja wito. Haukuja. Nikatua jambo la kwanza la siku, na la pili, huku nusu ya sikio langu iko mlangoni. Bado. Kisha nikasikia Mama Brayo, akijaribu kunong'ona, kitu ambacho hajawahi kukiweza.

"Hujamwita leo."

"Sijamwita."

"Tangu afunge? Na hiyo nyumba vile iko kimya? Mama Shiro, wewe unajua mambo ya hiyo nyumba."

Mimi ndani nilikuwa nimeshika magoti yangu. Nilijua anavyojisikia, nikaona kwa macho ya akili mkono wake ukielekea kitasani. Neno "niko" lilikuwa limenijaa mdomoni. Nilitamani kulitamka kabla hajaliomba, nimpunguzie mateso, nitoke nje nimwonyeshe mikono yangu na uso wangu mzima. Sijui ni nini kilichonizuia. Nafikiri nilihisi kwamba nikimwitikia bila kuitwa nitamnyang'anya kitu.

"Wacha msichana apumzike," Mama Shiro akasema.

Nikasikia akichukua kikapu chake ukutani. Slipa zake zikavuka saruji, polepole, hadi kwenye geti, na hapo zikasimama. Zilisimama kwa muda mrefu sana. Nikameza lile neno. Kisha geti likalia, na slipa zikaendelea kuelekea sokoni.